Shemeji anasema sheria za serikali isiyo ya Kiislamu hazitufungi

SWALI

Asalaam aleykum Mwalimu.

Mimi nauza vifaa vya umeme hapa Dodoma mjini, si mbali na soko la Sabasaba. Nyaya, soketi, swichi, breka, taa, kila anachohitaji fundi. Duka tulilifungua wawili, mimi na kaka wa mke wangu, kwa mtaji wa nusu kwa nusu. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 watu wanajenga Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, kila upande, na Mwenyezi Mungu ametufungulia riziki.

Zamani tulikuwa tunafuata mzigo Kariakoo. Sasa shemeji anasafiri mwenyewe hadi Guangzhou, tunachangia kontena na wenzetu wa Dar. Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana.

Kwanza kuna mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mteja asipouliza risiti, shemeji hatoi, na bei ni ile ile. Mteja akilalamikia bei, anapunguziwa kwa sharti kwamba asidai risiti. Mimi nilidhani ni tamaa tu ya kawaida ya biashara, kumbe yeye ana hoja za dini. Anasema serikali hii haihukumu kwa Sharia, kwa hiyo sheria zake za biashara ni za wanadamu na hazimfungi Muislamu. Anasema aya ya kutii wenye mamlaka imesema “katika nyinyi”, maana yake viongozi Waislamu. Anasema kodi ni maks, yaani ushuru wa dhulma, na Mtume (s.a.w.) amesema mtoza maks haingii Peponi, sasa vipi tumsaidie kuikusanya?

Pili ni huu mzigo unaokuja. Muuzaji wa China yuko tayari kutuandikia invoisi mbili, moja ya bei ya kweli na nyingine ya nusu yake kwa ajili ya forodha. Na kwenye breka na soketi yuko tayari kugonga nembo ya kampuni ya Ulaya inayojulikana, kwa nyongeza ndogo. Shemeji anasema kule ni nchi ya makafiri na mali yao si kama mali ya Muislamu.

Mke wangu anamsikiliza kaka yake. Ananiambia nisijifanye mcha Mungu kuliko watu waliosoma. Na kweli shemeji amekaa chuo miaka, mimi nimeishia madrasa ya mtaani. Naogopa nikikataa nitaonekana naipenda serikali kuliko dini, na nikinyamaza nakosa usingizi. Je, sheria za biashara za nchi isiyo ya Kiislamu zinanifunga mbele ya Allah, au ni hofu ya faini tu? Na faida tuliyokwisha kuila ina hukumu gani?

Mfanyabiashara, Dodoma

JIBU

Wa aleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Nianze na kinachokuumiza zaidi, maana naona si faini. Umewekwa mahali ambapo uaminifu unaonekana kama udhaifu wa imani. Naomba uondoe hilo moyoni. Shemeji yako hakuzitunga hoja zake. Zina asili vitabuni, na ndiyo maana zinakuchanganya. Lakini amezikata kichwa na mkia. Tuzirudishie viungo vyake.

Aya ya 59 ya Surat An-Nisaa, ile ya kumtii Mwenyezi Mungu, Mtume na wenye mamlaka. Mwachie. Wafasiri wengi wameisoma vile anavyosema, kwamba wanaokusudiwa ni wenye mamlaka miongoni mwa Waislamu. Mimi sitabishana naye hapo, kwa sababu wajibu wako haukujengwa juu ya aya hiyo. Umejengwa juu ya aya ya kwanza ya Surat Al-Maida: enyi mlioamini, timizeni mikataba. Na juu ya aya ya 34 ya Surat Al-Israa, kwamba ahadi itaulizwa. Aya hizi hazikuuliza uliyeahidiana naye ni wa dini gani.

Na wewe umeahidi. Ulipoomba namba ya mlipakodi, ulipochukua leseni ya biashara, uliposajili mashine, ulisaini. Shemeji alipojaza fomu ya viza ya China alisaini. Kila saini ilikupa kitu: mlango wa duka unaolindwa, mahakama ya kukusikiliza mtu akikataa deni lako, barabara ya kupitishia mzigo, ruhusa ya kuingia nchi ya watu na kutoka salama. Huwezi kupokea upande wako wa mkataba halafu upande wa pili ukauita ukafiri.

Wanavyuoni wetu walilizungumza jambo hili zamani mno, na kwa maneno makali kuliko yangu. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa ukanda wetu, amesema katika Al-Umm kwamba Muislamu akiingia nchi ya maadui wa vita kwa amani waliyompa, si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao, kichache wala kingi. Kama wao wamempa amani, basi nao wana amani kutoka kwake. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali akaongeza katika Al-Mughni kwamba hata kama sharti la kutowafanyia hiana halikutamkwa, linajulikana kwa maana. Tazama vizuri: wanazungumzia nchi iliyo vitani na Waislamu. China haina vita na wewe, inakuuzia soketi. Na Tanzania ni kwenu. Umezaliwa hapa, wazee wako wamezikwa hapa.

Hata sifa ya “nchi ya makafiri” haiikai nchi hii sawasawa. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu. Unaswali Ijumaa bila kuogopa, unafunga, unatoa zaka. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu kutii Katiba na sheria za nchi. Masahaba waliohamia Habasha waliishi chini ya Najashi alipokuwa mfalme wa Kikristo, katika ulinzi wake, na hatuna habari kwamba walijihalalishia mali za watu wa nchi ile.

Kama shemeji anataka dalili iliyo wazi, msomee kisa cha Mughira bin Shu'ba kilichomo ndani ya Sahih Bukhari, katika hadithi ndefu ya Hudaibiya. Kabla ya kusilimu alifuatana na watu katika safari, akawaua, akachukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume (s.a.w.) kusilimu. Mtume akamwambia kwa maana hii: Uislamu wako naukubali, ama mali hiyo mimi simo. Waliouawa walikuwa washirikina. Mali imekuja mpaka mbele ya Mtume, na Waislamu wa wakati ule walikuwa na shida. Akaikataa, kwa sababu ilipatikana kwa kuwahini watu waliomwamini mwenzao wa safari. Mimi sioni mahali pa kupenya hapo.

Kipo pia kisa cha Hudhaifa bin Al-Yaman katika Sahih Muslim. Yeye na baba yake walishikwa na Maquraishi kabla ya Badr, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume. Waislamu walikuwa wachache siku ile, kila mkono ulihitajika. Mtume akawaambia waende zao, tutawatimizia Maquraishi ahadi yao na tutamuomba Mwenyezi Mungu atusaidie dhidi yao. Ahadi kwa adui, vita vikiwa mbele yao, imetimizwa. Sisi tunatafuta fatwa ya kutotoa risiti ya soketi.

Sasa maks. Hadithi ipo, ameipokea Abu Dawud, na haifai kuipuuza. Ushuru unaokemewa ni ule waliokuwa wakikamuliwa wafanyabiashara njiani na sokoni bila haki yoyote, mwenye nguvu akatia mfukoni. Je, kila kodi inaingia humo? Wanavyuoni wametofautiana, na wapo hadi leo wanaoziona kodi nyingi kuwa dhulma. Ila Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, wamekubali kwamba hazina ikipungukiwa na haja ya umma ikawa ya kweli, mtawala anaweza kuwatoza wenye uwezo juu ya zaka, kwa uadilifu na kwa kiasi cha haja. Mimi naegemea hapo. Barabara, polisi, hospitali ya mkoa, mwalimu wa mwanao, vyote vinalipwa kutoka mahali. Kwamba sehemu ya fedha hizo huliwa na wasio waaminifu ni kweli na inauma, lakini hilo halimpi shemeji yako haki ya kujichotea sehemu yake.

Na hata ukishika kauli ya wanaosema kodi ni dhulma, bado haikufikishi anakotaka. Kuikwepa dhulma ni jambo moja. Kusema uongo, kughushi karatasi na kumhonga ofisa ni mambo mengine kabisa, nayo haramu yake haina mjadala. Unajua mwenyewe njia hii inaishia wapi: mkaguzi anaingia dukani, hesabu hazilingani, na bahasha inatafutwa. Mtoa rushwa na mpokeaji wamelaaniwa pamoja. Halafu kuna hili watu hawalifikirii: kodi ikicheleweshwa, sheria inaiongezea riba. Mtu anakimbia maks na kuangukia kudaiwa riba.

Tuje kwenye duka lenu, maana mambo mawili mliyokuwa mkiyafanya hayalingani. Pale mnapomuuzia mteja kwa bei ile ile bila risiti, kama mmesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ndani ya bei hiyo ipo kodi ya asilimia 18 ambayo mteja ameitoa. Hiyo haijawahi kuwa mali yenu. Mmeipokea kwa ajili ya kuifikisha, nanyi mmeifungia kwenye droo. Hapa hatuzungumzi tena kodi ya serikali, tunazungumza amana iliyoliwa. Pale mnapompunguzia mteja ili asidai risiti, kodi hamkuichukua kwake, lakini mmemshawishi avunje sheria pamoja nanyi, maana mnunuzi naye ana wajibu wa kudai risiti, na mmemkandamiza jirani yenu wa duka la pili anayetoa risiti kwa kila mteja na hawezi kushindana na bei yenu. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Jirani huyo naye ana watoto.

Risiti yenyewe, ukiacha serikali, ni haki ya mnunuzi. Fiqhi inampa mnunuzi khiari ya kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyofichika. Fundi aliyenunua breka kwenu, ikaungua wiki ya pili, atathibitisha vipi kwamba ilitoka kwenu? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudishana katika madeni na biashara. Dini yetu imependa karatasi zamani.

Invoisi ya nusu bei sina haja ya kuizungushia maneno. Ni ushahidi wa uongo ulioandikwa. Mtume (s.a.w.) alipotaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye kauli ya uongo akaketi wima na akairudia mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Hapo hata mwenye kuamini kwamba ushuru wote ni maks hawezi kuingia, kwa sababu swali si ushuru ni halali au la, swali ni umesema kweli au umesema uongo.

Nembo ya kampuni isiyotengeneza mzigo huo ni mbaya zaidi, na nakuomba uisikie hii kuliko yote niliyoandika. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni haki za wenyewe zinazotambuliwa na Sharia na haifai kuzivamia. Hiyo ni haki ya kampuni. Lakini kuna mama anayejenga vyumba viwili Nala kwa mkopo wa kikoba, fundi amemwambia atafute breka ya kampuni fulani kwa sababu inakata umeme haraka hitilafu ikitokea, naye amelipa bei ya breka hiyo kwenu. Usiku nyaya zinapata moto na breka haikati. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta chini mbichi, akasema anayetughushi si katika sisi. Ile ilikuwa nafaka iliyonyeshewa. Hii ya kwenu inaweza kuteketeza watoto waliolala. Sheria ya nchi ikikukataza hapo, imekuja kukusaidia kutekeleza jambo ambalo dini yako ilikwisha kuliamuru.

Huenda shemeji akakuletea kauli ya Abu Hanifa kuhusu Muislamu na mali ya watu wa nchi ya vita. Kauli hiyo ipo. Inahusu miamala waliyoridhia wenyewe, na inashurutisha kusiwe na hiana. Mwanafunzi wake mkubwa Abu Yusuf aliikataa, na wanavyuoni walio wengi pamoja na madhehebu yetu wameikataa. Anayeinukuu kutetea invoisi ya uongo hajamtendea haki Abu Hanifa.

Usinielewe kwamba kila kinachosemwa na sheria ya nchi ndiyo dini. Hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na sharti linalohalalisha haramu halimfungi Muislamu. Ila pima: sheria ya biashara inakuamuru haramu, au inakuruhusu tu? Mkulima wa zabibu wa Hombolo anaruhusiwa na sheria kuuza mavuno yake kwa kiwanda cha mvinyo, lakini hakuna anayemlazimisha, na wanavyuoni wengi wamemkataza kumuuzia mtu anayejulikana kwamba atazigeuza pombe. Huyo ana kazi ngumu ya kutafuta mnunuzi mwingine, na namhurumia kwa kweli. Wewe hujaamriwa haramu yoyote. Umeamriwa kutoa risiti na kusema bei ya kweli.

Kuhusu ulichokwisha kula. Mauzo yenyewe ni halali. Mlinunua kwa fedha yenu, mkauza bidhaa ya kweli, kwa hiyo usiione nyumba yako yote kuwa haramu. Kilichobaki shingoni ni ile kodi mliyoipokea kwa wateja na hamkuifikisha. Toba ina kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kurudisha haki ya watu. Tafuteni mhasibu mwenye sifa, mkae na madaftari, mrekebishe ritani za kodi kabla hamjafuatwa. Itauma, na huenda mkahitaji kuomba kulipa kwa awamu. Ombeni, utaratibu huo upo. Mkiona makadirio ya Mamlaka ya Mapato (TRA) yamezidi, sheria inakupa siku 30 za kuweka pingamizi, kisha kuna Bodi ya Rufani za Kodi, Baraza la Rufani za Kodi, hadi Mahakama ya Rufani. Na punguzo lolote ambalo sheria yenyewe inalitoa, lichukue bila haya. Kutumia haki yako si hiana. Zaka yako iko pale pale, kodi haiifuti.

Ya nyumbani yanataka upole. Mke wako usimweke kati ya mume na kaka yake. Mwambie tu kwamba hutaki kumlisha yeye na watoto mali yenye swali, na uishie hapo. Shemeji mwite faragha, si dukani mbele ya vijana wa kazi, na umpe nafasi ya kurudi nyuma bila kudhalilika. Mwombe mwende pamoja kwa sheikh mnayemkubali wote wawili, na kisa cha Mughira kisomwe hapo hapo. Akikataa, ushirika katika fiqhi si ndoa wala si deni. Ni mkataba ambao kila mshirika anaweza kuuvunja anapotaka. Hesabuni bidhaa, mgawane mtaji na madeni kwa maandishi na mashahidi, kila mmoja ashike njia yake, na undugu ubaki.

Ila mzigo hausubiri mazungumzo hayo. Jina lako limo kwenye kontena hilo. Mpigie muuzaji wa Guangzhou kabla haujapakiwa, umwambie invoisi ni moja, ya bei ya kweli, na breka zitoke na jina la kiwanda kilichozitengeneza.